Nani Alikunywa Pombe ya Mama Nesto

Nimestaafu nikiwa na miaka thelathini na mbili. Chekeni tu. Mama yangu naye alicheka, kisha akauliza kama nimepewa kiinua mgongo. Sikupewa. Nina kuku wa mayai nyuma ya nyumba yetu, na kuku wana jambo moja zuri: hakuna hata mmoja aliyewahi kuniambia leo kwamba hamtaki mwenzake, halafu kesho akakana mbele ya watu.

Kwa miaka saba nilikuwa msaidizi wa kisheria hapa Sumbawanga. Ofisi yetu ilikuwa chumba kimoja chenye meza mbili, kabati la chuma lisilofungika na kalenda ya kanisa. Tulikuwa tunawaeleza watu sheria inasemaje, tunawaandikia barua na maombi, tunawaonyesha mlango wa kugonga. Hatukuruhusiwa kusimama mahakamani kumsemea mtu. Msaidizi wa kisheria hukaa benchi la nyuma akiuma kalamu. Mimi nimeuma nyingi.

Sasa ofisi imepata vijana wapya, yaani ninyi, na nimeombwa nije kuwapa uzoefu. Nimekataa kuja. Mtaniuliza maswali, na mimi ninayo yangu ambayo hayajajibiwa. Nimesema nitaandika. Msitegemee mpangilio, na msitegemee kwamba mwishoni nitakuwa nimeelewa.

Mashauri mengi yaliyonijia yalikuwa ya ndoa. Chuoni nilifundishwa sheria ya ndoa kwa muhula mmoja na nikafaulu vizuri. Nilijua vifungu kwa namba. Kwa hiyo nilipofika ofisini niliona ajabu kumkuta Mzee Pius, karani mstaafu wa mahakama, mtu mfupi mwenye sweta la kijani ambalo hakulivua hata jua likichoma, akikaa na mtu saa nzima bila kuandika neno. Yeye ndiye aliyepewa kazi ya kunifundisha. Aliniita "msomi" kwa sauti ambayo mtu mwingine angetumia kusema "mgonjwa".

"Msomi," aliniambia siku ya pili, "weka kalamu mezani. Nusu saa ya kwanza usiishike."

"Kwa nini?"

"Ukiishika, mtu anaacha kusema na wewe, anaanza kusema na kalamu. Anakupa maneno anayodhani ofisi inayataka."

Nikauliza ana ushahidi gani wa jambo hilo. Akacheka mpaka akakohoa. Nikaendelea kushika kalamu.

Mama Nesto alikuja mwezi wangu wa nne. Alitoka kijiji cha Kate, akiwa na begi la shule lililokuwa la mwanaye, na ndani yake cheti cha ndoa ya kanisani, kadi za ubatizo za watoto watatu, na kadi ya kliniki ya mtoto wa mwisho ambaye wakati huo alikuwa kidato cha tatu. Alivua viatu mlangoni. Nikamwambia avae. Akavaa. Alipofika kwenye kiti akavivua tena, akavisukuma chini ya meza.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Wewe ndiye wakili?"

"Mimi ni msaidizi wa kisheria."

"Msaidizi wa wakili?"

"Hapana, mama. Nawasaidia watu kama wewe."

"Haya, msaidizi wangu. Mume wangu anauza shamba."

Angalieni sentensi hiyo. Alinipa shauri lake lote kwa maneno manne, na mimi sikulisikia. Nilisikia yaliyofuata: kwamba mumewe, Deusi, yaani Baba Nesto, aliondoka miaka miwili nyuma kwenda kuishi Laela na mwanamke mwenye mgahawa, kwamba anarudi wakati wa mavuno tu, kubeba magunia, kwamba sasa amepata mnunuzi wa shamba lao la eka nne na anasema ni ardhi aliyoachiwa na baba yake, kwa hiyo mke hana neno. Kichwani mwangu ukurasa ukafunguka. Kutelekezwa. Mwanamke mwingine. Ndoa iliyovunjika kiasi cha kutorekebishika. Mtihani mzima ulikuwa umekaa mbele yangu bila viatu.

Nikamuuliza, "Mama, hii ndoa bado ipo kweli?"

Akaangalia dirishani. "Ipo wapi?" akasema.

Nikaandika TALAKA kwa herufi kubwa. Leo naona kwamba hakuwa amenijibu, alikuwa ameniuliza. Lakini nilikuwa na kalamu mkononi.

Niwaeleze utaratibu hapa, maana ndilo jambo watu wengi wanaofika mlangoni hawalijui, na wakilijua wanalijua kwa upande. Mtu hawezi kwenda mahakamani moja kwa moja kuomba talaka. Kwanza anapita baraza la usuluhishi wa ndoa, ambalo kwa watu wetu mara nyingi ni la kata. Baraza linawaita wote wawili, linasikiliza, linajaribu kupatanisha. Likishindwa linatoa hati inayosema limeshindwa, na hati hiyo ndiyo inayoambatanishwa na maombi. Barua ya jumuiya haitoshi. Barua ya ukoo haitoshi. Nimeletewa mpaka barua ya kwaya. Na hati yenyewe ina uhai wa miezi sita. Ikipita hapo kabla hujafungua shauri, mnarudi kwenye baraza kuanza upya.

Nilimuuliza Mzee Pius kwa nini miezi sita. Je, kushindwa kupatana nako kunachacha kama maziwa? Akasema, "Watu wanarudiana, msomi. Sheria inawapa nafasi ya kubadili mawazo." Nikasema basi wawape mwaka. Akasema, "Ukiwa mbunge, utawapa." Mpaka leo sijui kama miezi sita ni mingi au michache. Nimeona watu waliorudiana mwezi wa saba, na nimeona waliorudiana siku ya hukumu, kwenye ngazi za mahakama, mikoba yao ikigongana wakishuka pamoja.

Mama Nesto na Deusi wakaenda kwenye baraza. Mimi nilikwenda kama msindikizaji. Deusi alikuja na shati jeupe lililopigwa pasi na viatu vya kuchongoka, mtu mrefu mwenye tabasamu la kuuza kitu. Mwenyekiti akamuuliza kama atarudi nyumbani.

"Sirudi."

Akamgeukia mke. "Mama, akirudi utampokea?"

"Mlango haujafungwa," Mama Nesto akasema.

Baraza likaandika kwamba usuluhishi umeshindikana. Nilipopokea ile hati nilifurahi kama mtu aliyefaulu. Sikujiuliza kwa nini mtu anayetaka talaka aseme mlango haujafungwa. Mimi, ninayeuliza kila kitu! Nilikuwa nahoji sheria, nahoji kanisa, nahoji wazee wa baraza na kofia zao. Mteja wangu sikumhoji. Nilidhani namwonea huruma kwa kutomhoji.

Siku ya Mahakama ya Mwanzo nilikaa benchi la nyuma. Hakimu alikuwa mama mmoja mtulivu, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Akasoma maombi niliyoyaandika mimi, kurasa tatu zenye vifungu vyote, akamwangalia Deusi.

"Mjibu maombi, unasemaje kuhusu talaka?"

"Mheshimiwa, mimi nimekubali kabisa," akasema Deusi. "Hata leo. Anipe talaka, arudi kwao kwa amani, shamba libaki kwa wenyewe."

Hakimu akamgeukia Mama Nesto. "Na wewe ndiye uliyeomba talaka?"

Mama Nesto akasimama. Akashika ukingo wa kizimba. "Mimi sitaki talaka," akasema. "Nataka shamba langu lisiuzwe."

Mtu mmoja pembeni yangu akaguna, mwingine akacheka, na kicheko kikaenda mpaka dirishani walikosimama waliosubiri kesi nyingine.

"Kimya! Mama, hapa umeandika talaka. Umeweka dole gumba."

"Nilimwekea yule binti," akasema, na akanionyesha kwa kidole. "Ni binti mzuri. Alikuwa ameshaandika."

Sijawahi kuangaliwa na watu wengi kiasi kile kwa wakati mmoja. Hakimu akavua miwani. "Kwa hiyo mleta maombi hakitaki alichoomba, na mjibu maombi anakitaka." Shauri likaondolewa. Nje, chini ya mkaratusi, Deusi alinipa mkono mbele ya watu. "Ahsante sana, dada msomi. Wakili wangu mwenyewe asingeweza."

Jioni hiyo nililia, halafu nikakasirika, halafu nikaandika barua ya kuacha kazi. Ilikuwa ya kwanza. Nimeandika nne kwa jumla. Mzee Pius aliisoma asubuhi, akaikunja, akaiweka chini ya mguu wa meza uliokuwa unayumba, na meza ikatulia. Kisha akasema twende Kate.

Tulimkuta Mama Nesto nyumbani kwake akipepeta ulezi. Mzee Pius akakaa kwenye gogo, akamsalimia, akauliza habari za mvua, za mtoto wa sekondari, za mbuzi. Robo saa. Nusu saa. Mimi kalamu yangu niliiacha kwenye gari kwa amri. Ndipo akauliza, "Mama Nesto, unataka nini?"

Alisema muda mrefu, bila kuacha kupepeta. Alisema Deusi ni mume wake wa kanisani na atakuwa mume wake mpaka mmoja wao afe, apende asipende, awe Laela au awe mwezini. Alisema katekista wa kijiji amewaambia kwamba mwanamke mwenye talaka hakai mstari wa komunyo. Alisema yeye ana vitu viwili ambavyo hakupewa na Deusi: komunyo na shamba. "Na ninyi," akasema, akiniangalia mimi, "mlitaka nitoe kimoja ninunue kingine."

Kama ambavyo ninyi mngefanya, nilitafuta la kufanya. Nilikwenda kwa paroko. Paroko, mtu mwema, akanieleza kwa upole kwamba talaka ya mahakamani peke yake haimtoi mtu kwenye komunyo. Tatizo ni akifunga ndoa nyingine. Nikarudi Kate mbio mbio na habari hii njema. Nilidhani nimefungua kufuli.

"Paroko kasema hivyo?" akauliza Mama Nesto.

"Kasema. Mimi mwenyewe nimemsikia."

"Paroko atahamishwa," akasema. "Katekista ndiye tunaye."

Nilibishana naye, na sijivunii. Nilimwambia katekista hajui sheria ya kanisa lake mwenyewe. Nilimwambia mimi mwenyewe siamini sana mambo hayo. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanipa kikombe cha uji, akasema, "Wewe huendi kanisani, mwanangu, kwa hiyo hujui nani anakaa benchi la nyuma yako." Na bado sijui nani alikuwa sahihi. Katekista alikosea, hilo nina hakika. Lakini kama kijiji kizima kinaishi ndani ya kosa lake, nimshauri mtu aishi wapi?

Mzee Pius ndiye aliyenionyesha mlango. "Kifungu kipo kwenye kitabu chako mwenyewe," akasema. "Kutengana." Na kweli, kilikuwepo, nilikisoma kwa ajili ya mtihani na kukiacha kwenye chumba cha mtihani. Mahakama inaweza kutoa amri ya kutengana: ndoa inabaki, lakini hakuna anayelazimika kuishi na mwenzake, na mali waliyochuma pamoja inaweza kugawanywa kama ilivyo kwenye talaka. Wadogo zangu, mtu akiingia ofisini akisema ndoa imemshinda, kabla hujaandika neno lolote mweleze kwamba njia ni zaidi ya moja. Wengi hawajui. Mimi nilijua na sikusema, na sijui lipi ni baya zaidi.

Kazi ya kwanza ilikuwa kuzuia mauzo, maana mnunuzi alishakuja na kamba kupima. Tuliandika barua kwa mtendaji wa kijiji, kueleza kwamba shamba lina mgogoro wa wanandoa na mke hajaridhia kuuzwa. Mzee Pius alisisitiza tuchukue nakala yenye muhuri wa kupokelewa, na nakala hiyo ikae kwa mama, si ofisini. Mtendaji mwenye barua kama hiyo mezani anaona uzito kugonga muhuri kwenye karatasi ya mauzo. Shauri jipya lilipofunguliwa, hakimu naye akaamuru shamba lisiguswe mpaka mwisho. Mnunuzi akakunja kamba yake akaenda kutafuta pengine.

Ikabaki kuthibitisha. Deusi anasema shamba ni la baba yake. Mama Nesto anasema walilifungua pamoja baada ya kuoana. Tukarudi Kate, tukamkuta anapepeta tena, nami nikashika kalamu yangu kwa nguvu.

"Mama, una karatasi gani za shamba?"

"Shamba lina karatasi?"

"Hati ya kimila. Mkataba. Risiti ya mbegu. Picha."

"Nina jembe," akasema.

Hapa lazima nieleze kitu ambacho wenyeji wa Ufipa mnakijua, ila wenzenu mliotoka kwingine hamkijui. Uwanda wetu ni nyasi. Mtu akitaka kufungua shamba, mvua zinapoelekea kuisha, ardhi ikiwa bado laini, anakata nyasi na udongo wake na kurundika vilima, nyasi zikiwa ndani, udongo juu. Tunaviita ntumba. Nyasi zinaoza humo, na msimu unaofuata vilima vinasambazwa na kupandwa ulezi au mahindi. Eka moja ya ntumba inavunja mgongo. Hakuna anayeziweza peke yake. Kwa hiyo mwenye shamba anaita majirani, na malipo yao ni pombe ya ulezi. Mama wa nyumba anaipika kwa siku kadhaa, watu wanalima asubuhi, wanakunywa mchana, wanaimba wakirudi.

Nilijua yote haya tangu utoto. Bibi yangu alikuwa anapika. Lakini ilipofika kwenye ushahidi niliyaweka pembeni kama nguo za nyumbani.

Mzee Pius alifumba macho, akavuta mikono ya sweta lake mpaka kwenye vidole, akauliza swali ambalo chuo kizima hakikunifundisha.

"Mama Nesto, mwaka wa kwanza, pombe yako nani alikunywa?"

Mama Nesto akaacha kupepeta. Akaanza kutaja majina. Alitaja ishirini na moja. Watano wamefariki, wawili wamehamia Kirando kwenye dagaa, mmoja ameokoka na hatakubali kwamba alikunywa. Waliobaki wapo.

Shahidi wetu mkuu alikuwa Mzee Kalisto, mnywaji mashuhuri wa upande ule, meno matatu, koti la suti bila suruali yake. Mimi niliogopa. Nilimwambia Mzee Pius mahakama haiwezi kumwamini mlevi. Akasema, "Mlevi hasahau nani alimpa."

Kalisto alikula kiapo akiwa ameshika kofia kifuani. Akaeleza kwamba mwaka ule wa kwanza palikuwa nyasi tupu, ndefu kufikia kiuno, hapakuwa na tuta hata moja la zamani. Kwamba alilima pale misimu minne, kila msimu wakiongeza kipande. Kwamba misimu miwili ya mwanzo Deusi alilima nao, na alilima vizuri, na baada ya hapo akawa mtu wa kusimamia.

Deusi akapewa nafasi ya kumhoji. Akasimama akitabasamu.

"Wewe Kalisto, siku zote hizo si ulikuwa umelewa?"

"Nililewa baada ya kulima. Wakati wa kulima nilikuwa mzima, nakuangalia wewe uliyekaa kivulini."

Watu wakacheka. Hakimu akagonga meza. "Shahidi, jibu unachoulizwa tu."

"Nimejibu, mheshimiwa."

Deusi akapandisha sauti. "Shamba hili si la baba yangu? Si ulimlimia baba yangu?"

"Nilimlimia sana, Mungu amweke pema. Lake lilikuwa ng'ambo ya kijito. Kaka yako ndiye analima sasa."

"Umezeeka, unachanganya!"

Hapo Kalisto alimgeukia hakimu, akaonekana ameumia kweli. "Mheshimiwa, pombe ya mama yake huyu ilikuwa nyepesi kama maji ya kuoshea vyombo. Pombe ya huyu mkewe ilikuwa nzito, kijiko kinasimama. Nimekunywa ile ng'ambo ya kijito na nimekunywa hii upande huu. Mimi naweza kuchanganya majina ya wajukuu. Hizi mbili siwezi."

Hakimu alicheka. Nilimwona. Aligeuza kichwa kana kwamba anasoma jalada. Na Deusi, ambaye alikuwa na majibu ya kila kitu, akakaa bila kumtetea mama yake.

Wiki iliyofuata mahakama ilikwenda shambani. Mama Nesto alitangulia, akipita kipande kwa kipande: hapa mwaka wa kwanza, hapa mwaka wa mimba ya mtoto wa mwisho, hapa mwaka ambao mvua ilikata na watu walikunywa bila kumaliza kazi. Hakimu alivuka kijito kwa mawe, akaliona shamba la baba, akarudi na viatu vilivyolowa. Uamuzi ulipotoka, ilikuwa amri ya kutengana. Eka tatu na nyumba kwa Mama Nesto. Eka moja kwa Deusi, kwa jasho la misimu ile miwili. Nilisoma nakala mara tatu nikitafuta mahali pa kubishia. Niliona kwamba kupika pombe kumehesabiwa kuwa kazi, na nikalazimika kukaa chini.

Ningeweza kuishia hapa, mkanipigia makofi. Lakini nilisema sijaelewa.

Msimu wa ntumba uliofuata nilikwenda Kate kumsalimia. Nilisikia nyimbo kabla sijafika. Watu kama ishirini walikuwa wameinama kwenye kipande kilichobaki na nyasi, Kalisto akiwa katikati na lile koti lake. Na pembeni kabisa, viatu vya kuchongoka vikiwa vimewekwa juu ya jiwe, suruali imekunjwa mpaka magotini, alikuwa Deusi. Analima.

Nilimfuata Mama Nesto kwenye mitungi.

"Mama, yule ni Baba Nesto?"

"Ndiye."

"Anafanya nini hapa?"

"Huoni? Analima."

"Lakini mmetengana. Kuna amri."

"Amri imesema asilime?"

Nilijaribu kukumbuka. Haikusema. "Anarudi nyumbani?" nikauliza.

"Kwake ni Laela. Kazi ikiisha ataenda."

"Umemsamehe, basi?"

"Mwanangu, nimeita watu. Naye ni mtu. Shika hiki."

Akanipa kikombe nimshikie. Watu walikuwa wameanza kuja, wanakung'uta udongo, wanakaa kwenye nyasi walizozikata. Alimpa kila mmoja. Deusi alikaa mwisho, akiangalia vidole vyake vya miguu. Mama Nesto akachota, akakijaza kikombe mpaka juu, akasimama mbele yake na kunyoosha mkono, na akasema kwa sauti ambayo hata waliokuwa ng'ambo ya kijito wangesikia:

"Kunywa, Baba Nesto. Kunywa watu wakuone."

Kalisto akashusha kikombe chake. Deusi akawaangalia watu, akaangalia kile kikombe. Nadhani alielewa kabla yangu. Kisha akakipokea kwa mikono miwili, kama anavyopokea mtu aliyemlimia mwenye shamba, akanywa mpaka chini.

Ilikuwa huruma? Ilikuwa kisasi? Alikuwa anamkaribisha mumewe, au anatengeneza shahidi wa ishirini na mbili? Nilimuuliza Mzee Pius, akasema, "Kwani lazima iwe kimoja?" Nikasema ndiyo, lazima. Mpaka naacha kazi nilikuwa bado nasema lazima, na labda ndiyo sababu nimeacha.

Mama Nesto alirudi kwenye mitungi akachota tena, akaniletea mimi. Nikamwambia sinywi pombe.

"Najua," akasema. "Kunywa."

Nikanywa. Ilikuwa nzito, yenye joto bado, na ulezi ulibaki kwenye meno.

Kwa hiyo nisahihishe nilichosema mwanzo. Kufundisha sitakuja. Lakini ikitokea siku shamba lile likarudi mahakamani, mkawa mnahangaika kutafuta karatasi ambazo hazipo, nitumieni ujumbe. Nitawafungia kuku wangu bandani na kuja, nile kiapo, na safari hii sitakaa benchi la nyuma.